Wakili Wetu

Siku niliyoaga ofisi ya mawakili niliyoitumikia miaka sita, mama aliniuliza kwa simu swali moja tu: "Kwa hiyo joho hulivai tena?" Nikamjibu kwamba nitalivaa mara mojamoja. Akanyamaza, kisha akasema haya, mradi mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Nilijua imemuuma. Picha yangu ya kuapishwa kuwa wakili imetundikwa sebuleni kwake, na kila mgeni huonyeshwa kabla hajakaribishwa chai.

Sababu zangu za kuhama zilikuwa za kawaida na sitazirefusha. Nilichoka kuandika kila robo saa yangu imekwenda kwa mteja gani. Nilichoka kufika Kisutu saa mbili asubuhi, nikae kwenye benchi hadi saa tano, halafu niambiwe hakimu ana udhuru na tupangiwe tarehe nyingine ya kutajwa. Nilitaka bima ya afya, likizo ya kweli, na jioni zisizo na faili. Kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa, yenye maghala Barabara ya Nyerere, ilikuwa inatafuta mwanasheria wake wa ndani. Nikaomba, nikapata. Ilikuwa 2018. Sitaitaja kampuni hiyo wala ofisi niliyotoka, na mambo kadhaa katika habari hii nimeyabadilisha ili watu wasijulikane. Siri ya mteja haiishi siku unapoacha kazi, na hilo lenyewe ni sehemu ya ninachotaka kukieleza.

Kwetu, ukiwa kwenye ofisi ya mawakili unaitwa wakili. Ukiajiriwa na kampuni unaitwa mwanasheria. Kiapo ni kilekile, lakini hata mlinzi wa getini anaijua tofauti. Wakili ni neno la zamani kuliko mahakama tulizoachiwa na Waingereza. Ni mtu aliyeaminiwa kusimama mahali pa mwingine. Bwana harusi asiyeweza kusafiri humtuma wakili wake, mwenye mali aliye mbali humwachia wakili aiangalie. Ndiko kulikotoka kuwakilisha. Neno hilo halikamiliki bila watu wengine wawili, yaani yule unayesimama kwa niaba yake na yule unayesimama mbele yake. Mwanasheria hahitaji mtu. Anahitaji meza.

Niseme kwanza nilivyokuwa nilipokuwa wakili, nisije nikaonekana nasifia nilikotoka. Katika mwaka wangu wa nne tulimtetea mtu mwenye fedha dhidi ya mjane aliyekuwa akidai kiwanja. Nilisoma nyaraka zote, na moyoni niliona yule mama ana haki. Lakini wakili wake alikuwa amefungua kesi mahali pasipo na mamlaka ya kuisikiliza. Nikaandika pingamizi la awali la kurasa tatu, likakubaliwa, na shauri likaondolewa. Yule mama alikuwa amehudhuria mara nane. Sasa ilimbidi aanze upya, na nauli zake, na ada, na wakili mwingine. Tukapishana koridoni akiwa na nyaraka zake kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Usiku ule nililala fofofo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nililala. Sidhani ni ukatili. Ni kwamba nilikuwa na hoja ya zamani ya kuegemea. Mwaka 1820 Henry Brougham alimtetea Malkia Caroline mbele ya Mabwana wa Bunge la Uingereza, mfalme akitaka ndoa yao ivunjwe. Alisema, kwa ufupi, kwamba wakili akiwa kazini anamjua mtu mmoja tu duniani, mteja wake, na kazi yake ni kumwokoa hata kama wengine wataumia. Mawakili wa karne mbili wamejenga nyumba juu ya hoja hiyo. Na si hoja ya kijinga. Aliyewahi kukamatwa akakosa hata mtu mmoja wa kuwa upande wake anaijua thamani yake. Wewe vuta kwako, mwenzako avute kwake, jaji akae katikati, na haki itapatikana humo katika kuvutana. Mjane akishindwa, basi ni wakili wake, au ni jaji, au ni sheria. Lawama inagawanywa mafungu, na fungu langu lilikuwa dogo kiasi cha kuweza kulilalia.

Mwanafalsafa wa Marekani David Luban ndiye aliyenifanya niiangalie nyumba hiyo kuanzia kwenye msingi. Kwake hoja ile ni udhuru, na udhuru una masharti. Unafaa pale ambapo upande wa pili una mtu wa kuusemea na mwamuzi yupo. Ondoa viwili hivyo, kinachobaki ni mtu mmoja mwenye maarifa akimtumikia mwenye nguvu dhidi ya asiyekuwepo. Nilimsoma nikiwa Chuo Kikuu, nikajibia mtihani, nikapata alama nzuri, nikasahau. Nilikuja kumkumbuka nikiwa chumba cha mikutano cha Barabara ya Nyerere, chenye kiyoyozi kinachodondosha maji na meza ya watu kumi na wawili.

Miezi ya kwanza nilifurahi, na sitaki kuificha furaha hiyo. Kwenye ofisi ya mawakili mambo yalinifikia yakiwa yamekwisha kuharibika. Mtu huja na barua ya madai mkononi. Ajali imetokea, mkataba umevunjwa, ndugu hawasemeshani. Kazi yako ni kubishana juu ya maiti. Kwenye kampuni nilikutana na mambo yakiwa hai. Wiki ya tatu nilirudisha mkataba wa msafirishaji ambaye magari yake hayakuwa na bima ya kutosha, na msafirishaji akatafutwa mwingine. Huenda nilizuia jambo, huenda sikuzuia chochote. Ndiyo tabia ya kuzuia, hakuna anayekuja kukushukuru kwa ajali ambayo haikutokea. Lakini nilihisi kwamba hatimaye nimefika pale maji yanapoanzia.

Sikuliona lililofungamana na furaha hiyo. Ukifika mapema, unajua mapema.

Mwaka 2019 kampuni iliamua kufunga ghala moja. Wafanyakazi kumi na wanne hawangehitajika tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaeleza namna ya kupunguza wafanyakazi: utoe taarifa ya kusudio lako, ueleze sababu, mshauriane juu ya namna ya kulipunguza zoezi na nani aondoke kwa vigezo gani. Inachukua muda, na katika kushauriana watu huuliza maswali. Iko njia nyingine, nayo ni halali: mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana kwa hiari kuachana, wameachana. Meneja wa rasilimali watu aliipenda njia hiyo. "Dada, nataka tumalize Ijumaa," aliniambia. "Wakienda nayo nyumbani wikiendi wataanza kuulizauliza." Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akizunguka na bahasha ya michango mtu anapofiwa.

Niliandika fomu. Niliiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa nyaraka zetu zote zilikuwa kwa Kiingereza na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. (Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya sheria ilikuja 2021. Wakati ule kilikuwa lugha ya kuamkiana getini.) Fomu ilisema kwamba aliyesaini amekubali malipo na hatadai kingine chochote. Kisha nikaandika dokezo la kumpelekea mkurugenzi mtendaji, lenye jedwali la vihatarishi, kama tunavyofanya: kihatarishi, uwezekano wa kutokea, athari yake, hatua zilizochukuliwa. Mstari wa kwanza ulihusu wafanyakazi kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo watu wengi huiita CMA, kulalamika kwamba waliachishwa kazi isivyo haki. Kwenye kisanduku cha uwezekano nikaandika: mdogo. Kwenye sababu nikaandika kwamba wengi wao si wanachama wa chama cha wafanyakazi, hawana uelewa wa taratibu, na watakuwa na uhitaji wa fedha wa haraka.

Dokezo lilisifiwa. Lilikuwa fupi na lilieleweka.

Naomba msomaji akitazame kisanduku hicho pamoja nami. Hakuna uongo ndani yake. Hakuna kosa la sheria pia. Swali nililoulizwa lilikuwa kampuni ina hatari kiasi gani, na nilijibu sawasawa. Ila maana yake ni kwamba kutojua kwa watu kumi na wanne, pamoja na ada za shule walizokuwa wakidaiwa, nilivihesabu kama mali ya kampuni. Niliviweka upande wa faida. Nilipomwandikia mjane pingamizi nilitumia kosa la wakili wake, jambo ambalo mwenyewe angeweza kulikwepa. Hapa nilitumia giza lenyewe, na mwenye taa kwenye chumba kile nilikuwa mimi peke yangu.

Ijumaa ile walisainishwa kantini, mmoja baada ya mwingine. Nilipita pale kuchukua maji. Mzee mmoja, mtunza stoo, alikuwa amekaa pembeni na fomu yake. Alikuwa na miaka kumi na saba kazini. Tulizoeana, kwa sababu nilipokuja kukagua nyaraka za stoo alinitafutia kiti, akakifuta vumbi kwa kitambaa chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Afadhali nimekuona. Wewe ndiye wakili wetu. Hebu niambie, karatasi hii ina ubaya?"

Jibu sahihi nilikuwa nalo. Tulifundishwa: mwambie mtu kwamba wewe ni mwanasheria wa kampuni, kwamba maslahi yake na ya kampuni yanaweza kupishana, na kwamba huwezi kumshauri, akatafute wake. Ni jibu kavu. Lakini fikiria lingemfanyia nini. Mzee anadhani anapewa karatasi ya kawaida, halafu mwanasheria anamwambia tafuta mwanasheria. Angesimamisha kalamu palepale. Maadili ya kazi yangu, yale makavu yanayoonekana yametungwa kutukinga sisi, yangemkinga yeye. Sikulitoa jibu hilo kwa sababu nililijua lingefanya nini.

Nilisema, "Isome vizuri kabla hujasaini, mzee."

Akatoa miwani. Akaishika karatasi kwa muda, juu hadi chini, ukurasa wa kwanza na wa pili, kwa heshima, kama mtu anayetazama picha za msiba wa watu asiowajua. Kisha akasaini.

Baadaye nilijaribu kujitetea kwa swali la mteja ni nani. Mteja wangu ni kampuni, na kampuni ni mtu. Hilo liliamuliwa London mwaka 1896 katika shauri la Aron Salomon, mtengeneza viatu aliyeiuzia biashara yake kampuni ambayo hisa zake karibu zote zilikuwa zake mwenyewe. Mabwana wakasema kampuni ni mtu mbali naye. Kila mwanafunzi wa sheria hapa kwetu huimeza kesi hiyo mwaka wa kwanza au wa pili. Sawa, ni mtu. Lakini ni mtu asiye na mdomo. Anayesema kwa niaba yake ni yule aliyekalia kiti siku hiyo, na mimi husikia sauti ya meneja na kuiita mteja. Kama kampuni si meneja, wala si mkurugenzi, wala si wenye hisa, je, ni nani? Mzee wa stoo aliposema "wakili wetu" alikosea kisheria. Lakini alikuwa amekaa ndani ya kitu hicho miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja, na nikisema "sisi" kila siku kwenye barua pepe bila kujiuliza namjumlisha nani.

Kiinua mgongo kwa sheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inaishia mwaka wa kumi. Miaka yake saba iliyozidi haikuhesabiwa. Alipata siku sabini, notisi, likizo aliyokuwa anadai, na mshahara wa mwezi mmoja wa ahsante. Aliyethibitisha kwamba ameachishwa isivyo haki, kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, aliweza kupewa fidia isiyopungua mishahara ya miezi kumi na miwili. Sisemi mzee angeshinda. Saini ni saini, na ningekuwa nimeajiriwa kuipinga kesi yake ningekuwa na la kusema. Nasema kati ya siku sabini na miezi kumi na miwili palikuwa na swali, na mimi ndiye niliyeliona lilipo nikatandika mkeka juu yake.

Lalamiko la kuachishwa kazi linatakiwa lipelekwe CMA ndani ya siku thelathini. Nilikuwa na tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu, kwa ajili ya kazi: ikipita, tufunge faili. Katika wiki zile nilikuwa na namba yake. Nilijadiliana na nafsi yangu jioni kwenye mwendokasi, nimebanwa mlangoni. Kumpigia na kumwambia udhaifu wa makubaliano yetu ni kumsaliti mteja. Hapo sina shaka hadi leo. Lakini siku thelathini si siri. Ni kanuni iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, mali ya kila mtu. Je, kumwambia mtu sheria ya nchi yake ni usaliti? Nilipata majibu mazuri ya pande zote mbili. Nina mafunzo ya kupata majibu mazuri ya pande zote mbili. Siku ya thelathini na moja simu ilitoa mlio, nikafunga faili.

Kipindi hicho ndipo niliposoma ripoti ya General Motors. Mwaka 2014 kampuni hiyo ya Marekani ilirudisha magari milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia, ambayo iliweza kuteleza gari likiwa kwenye mwendo, injini ikazima na mifuko ya hewa ya kuokoa maisha isifunguke. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Kuna wahandisi waliokuwa wamekutana na tatizo hilo miaka mingi kabla. Idara ya sheria ya ndani nayo ilikuwa na madai mezani, ikiyamaliza kwa makubaliano, moja baada ya jingine. Mawakili wa nje waliokuwa wakitetea kesi hizo ndio walioonya kwamba kampuni inaweza kutozwa fidia ya adhabu. Wachunguzi walieleza desturi iliyokuwa na jina mle ndani: watu wanakaa kikaoni, wote wanatikisa kichwa kukubali kwamba hatua ichukuliwe, kisha wanatoka na hakuna anayekusudia kuichukua.

Kwangu la kujifunza halikuwa kwamba wanasheria wale walikuwa waovu. Ni kwamba kila faili lilimalizwa vizuri. Kila moja, likiwa peke yake, lilikuwa kazi safi. Nilijiona mle, katika umbo dogo, bila magari na bila maiti.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliwahi kusema kitu kuhusu watu kama mimi. Katika hukumu ya 2010 ya shauri la Akzo Nobel, iliamua kwamba mawasiliano ya mwanasheria wa ndani na kampuni yake hayapati kinga ya siri ya wakili na mteja pale Tume ya Ulaya inapochunguza mambo ya ushindani wa biashara. Haikujali kwamba mwanasheria yule alikuwa ameandikishwa kama wakili. Sababu yao ilikuwa kwamba aliyeajiriwa hana uhuru wa kutosha. Amefungwa na mwajiri kwa mshahara wake na kwa kuishi ndani ya malengo yake. Niliposikia mara ya kwanza nilikasirika. Wakili wa nje anayepata nusu ya mapato yake kwa mteja mmoja, huyo naye yuko huru? Nimewaona wakubwa zangu wa zamani wakibadilisha ushauri katikati ya sentensi baada ya mteja kukunja uso. Bado naona majaji wale walichora mstari wao mahali pepesi. Lakini siwezi kusema hawakuona kitu. Wakili wa nje anaweza kupoteza mteja. Mimi ningepoteza bima ya mama yangu.

Miezi mingi baadaye likafungwa ghala la pili. Safari hii watu kumi na mmoja. Nikaandika fomu kwa Kiswahili. Nikaweka siku saba za kufikiri kabla ya kusaini, na sentensi inayosema kwamba mfanyakazi anaweza kuipeleka karatasi kwa chama chake, kwa wakili, au kwa yeyote anayemwamini. Meneja aliisoma akaniuliza kama nimehamia upande wa pili. Mkurugenzi aliipitisha, na aliipitisha kwa sababu dokezo langu lilisema kwamba ridhaa ya mtu ambaye hakuelewa inaweza kupingwa, na kwamba siku saba ni kinga ya bei nafuu. Sikuandika haki popote. Niliandika kihatarishi: cha kati.

Kant ana mfano wa muuza duka anayemtoza kila mtu bei moja, hata mtoto aliyetumwa, kwa kuwa uaminifu unaleta wateja. Bei ni sawa, anasema Kant, ila kitendo hakina thamani ya kimaadili kwa kuwa kimetokana na faida. Nimewahi kuuona mfano huo kuwa mkali mno. Sasa nimeugeuza: vipi kuhusu mtumishi wa duka anayetaka bei iwe moja kwa sababu ni haki, lakini anajua bosi atakubali tu akiambiwa inaleta wateja? Je, anadanganya? Sikudanganya, hatari ile ilikuwa ya kweli. Lakini nilihisi kama mtu anayelazimika kumsemea mgonjwa kwa lugha ya bei ya kitanda. Na nilikuwa na hofu nyingine, kwamba nikiizoea lugha hiyo, siku ambayo haki haitakuwa na faida yoyote kwa kampuni nitakosa neno la kuanzia. Siku hiyo haijafika, au imefika sikuitambua.

Kati ya wale kumi na mmoja, wanne waliomba waongezewe malipo, wakaongezewa. Meneja hakunisemesha kwa wiki mbili, kisha akaja na bahasha ya michango ya msiba, tukapatana.

Mzee wa stoo nilikutana naye mwaka uliofuata, sokoni Buguruni. Aliniona yeye kwanza. Akaita kwa sauti, "Wakili wetu!" na akanitambulisha kwa muuza viazi aliyekuwa karibu. Alikuwa amepungua mwili. Alisema anasaidia duka la mkwewe na sasa anataka kuchukua mkopo kidogo, na kwa bahati mkataba alikuwa nao mfukoni, umekunjwa mara nne. Niliusoma pale pale, tumejibanza chini ya turubai. Nikamwonyesha kifungu kinachoruhusu mkopeshaji kuchukua pikipiki ya mkwewe kwa kuchelewesha rejesho moja tu. Nikamwambia aombe kibadilishwe, na wakikataa, asisaini.

Akanishukuru. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, "Na ile karatasi ya kazini, ilikuwa sawa?"

Nilifikiria siri ya mteja. Kweli niliifikiria, pale penye matope na kelele za makuli. Nikasema, "Mzee, ungeniletea leo, ningekuambia usisaini kwanza."

"Nilikuletea, binti yangu," akasema.

Hakusema kwa ukali. Aliufungua tena ule mkataba wa mkopo, akauweka juu ya gunia, akaniuliza riba yake inahesabiwaje. Nikachukua kalamu, nikaanza kumwonyesha.